Rubani na Neno Resumir

Wewe unayesoma hapa, ni lini mara ya mwisho ulimaliza kusema jambo ulilolianza?

Usikimbilie kujibu. Rubani naye aliulizwa swali hilohilo na mkewe. Akacheka, akafungua kinywa amjibu, na kabla hajafika katikati ya sentensi alikuwa ameshaingia bafuni na kufunga mlango.

Rubani hakuwahi kugusa ndege hata kwa kidole. Alikuwa mwendesha lifti katika jengo la ghorofa saba. Lifti yenyewe ilikuwa ya zamani, ina mlango wa chuma wa kukunja, mkono wa shaba wa kuipeleka juu na chini, na stuli ndogo iliyokwisha kushika umbo la makalio yake. Watu wa jengo walimpa jina hilo kwa sababu ya kofia yake na namna alivyotangaza safari: "Mabibi na mabwana, tunaondoka. Shikilieni mikoba." Jina likamkolea, hata mkewe akawa anamwita hivyo siku akiwa na furaha naye. Siku ambazo hakuwa na furaha alimwita "wewe."

Sasa, mtu akikaa miaka na miaka ndani ya sanduku linalopanda na kushuka, maneno yake nayo hupata umbo la sanduku hilo. Rubani alipenda hadithi kuliko chakula, lakini hakuwa na msikilizaji wa kudumu. Mlango ulipofunguka, msikilizaji alishuka. Basi kila hadithi yake ilikuwa na urefu wa ghorofa. Wapangaji wa ghorofa ya pili walikuwa hawajawahi kusikia chochote zaidi ya "Basi ilikuwa hivi." Wa ghorofa ya tatu, alikokuwa na ofisi yake Wakili, walijua kwamba kuna mtu aliondoka nyumbani. Wa ghorofa ya tano walifika mpaka kwenye ugomvi. Daktari wa meno peke yake, huko ghorofa ya saba, ndiye aliyebahatika kuonja mwisho mara mojamoja, tena ikiwa lifti inakwenda polepole. Watu walikutana uani wakati wa chai wakaulizana: "Wewe uliachia wapi?" "Mimi niliachia pale mwenye duka anachukua nyundo." "Nyundo? Kwangu hakuna hata duka!"

Rubani hakuliona hilo kama kasoro. Mlango ukifunguka, umefunguka. Alikuwa akisema neno moja tu, "Tumefika," na lake lilikwisha.

Ubaya ni kwamba alikwenda na tabia hiyo nyumbani. Mkewe alikuwa muuguzi wa chanjo katika kliniki ya watoto, mwanamke mwenye mikono myepesi na subira fupi. Akiwa anakatakata vitunguu, mumewe angeanza kumsimulia juu ya mjomba wake aliyetoka kwenda kununua kitanda akarudi nyumbani na mlango. Mlango mzima, na bawaba zake, begani. Mkewe angeweka kisu chini. "Halafu?" Na hapohapo Rubani angefika kwenye kizingiti cha sebule, na mguu wake ungekanyaga ng'ambo ya pili, na hadithi ingekatika kama umeme.

"Halafu nini?" angeuliza kwa mshangao wa kweli.

"Mlango, wewe! Alinunua mlango wa nini?"

"Aa. Tumefika."

Tangu mwaka wa harusi yao mwanamke yule hakujua mlango ule ulikuwa wa nini.

Kituo cha lugha ya Kihispania kilipofunguliwa ghorofa ya tano, Rubani ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa kwanza, ingawa hakuna aliyemwandikisha. Mwalimu, binti mmoja mkakamavu asiyecheka ovyo, alipanda lifti kila asubuhi, na Rubani alimdai neno. Neno moja kwa safari. Salamu alizijulia ghorofa ya kwanza, namba zikaingia kati ya ya pili na ya nne, na kuaga akakujua ya tano. Baada ya miezi kadhaa Mwalimu akachoka kufundisha amesimama. "Baba," akamwambia, "jioni ukishafunga lifti, ingia darasani ukae kwenye kiti kama watu. Hutalipa."

Akaingia. Na jamaa alikuwa na kipaji! Ulimi wake ulikichukua Kihispania kama vile ulikuwa unakingoja. Aliuliza njia, aliagiza kahawa, aligombana na mwenye hoteli wa kufikirika mpaka wanafunzi wenzake wakavunjika mbavu. Tatizo lilikuwa ni neno moja tu, neno la mitihani na vitabu vikubwa, ambalo mtu anaweza kuishi vizuri nchi yoyote bila kulitamka: *resumir*. Kufupisha. Kutoa muhtasari.

Mara ya kwanza kukutana nalo, Mwalimu aliwapa kifungu juu ya safari ya viazi: vilivyotoka milimani ng'ambo ya bahari, vikapandishwa merikebuni, vikafika kwa watu walioviogopa kwa sababu havikufanana na chakula chochote walichokijua, mpaka njaa ilipowafunza, na mwisho vikaingia katika kila sufuria. Ukurasa mzima. "*Resuman el texto*," Mwalimu akasema. "Fupisheni kifungu, kwa maneno yenu wenyewe. Rubani, tuanzie kwako."

Rubani akasimama, akavuta shati. Kwa Kihispania kilichonyooka akasema viazi vilitoka milimani, vikapandishwa merikebuni, vikafika bandarini, na wenyeji wakavitolea macho. Akakaa.

Darasa likangoja. Mwalimu naye akangoja.

"Halafu?"

"Basi, Mwalimu. Nimefupisha."

"Wenyeji wakavitolea macho, halafu?"

"Hapo wameshashuka."

Mwalimu alidhani ni utani. Akampa kifungu kingine, cha watengenezaji wa saa. Rubani akakifupisha mpaka pale fundi anapofungua duka asubuhi, akakaa. Akampa cha tatu, cha ndege wanaohama. Ndege wakapaa, wakavuka ziwa, na Rubani akawaacha hapohapo juu ya maji, maskini wa Mungu, bila mahali pa kutua.

"Baba," Mwalimu akasema, akivua miwani, "nani alikwambia kukata ndiko kufupisha? Ukichukua shati ukalikata nusu, hujapata shati dogo. Umepata tambara la kudekia. Shati dogo lina kola yake, lina mikono yote miwili, lina vifungo. *Resumir* ni hivyo. Kila kitu kimo, ila kidogo."

"Nimeelewa, Mwalimu."

Hakuelewa. Kesho yake alileta muhtasari wa ndege wanaohama wenye kola, mikono, vifungo, mifuko ya ndani na ya nje, na jina la kila ziwa. Ulikuwa mrefu kupita kifungu chenyewe. Mlinzi alikuja kugonga akitaka kufunga jengo, ndege bado wako njiani.

Mtihani wa cheti cha daraja la kati ulipofika, alipata alama nzuri kila mahali isipokuwa kwenye kufupisha, na ukishindwa hapo umeshindwa wote. Hakukasirika. Cheti alikitaka kwa fahari tu, akitundike juu ya stuli. Alisema atajaribu tena msimu ujao, akarudi kwenye mkono wake wa shaba.

Kisha wenye jengo wakafanya mkutano.

Walikaa asubuhi nzima kwenye chumba cha ghorofa ya sita, wakanywa chai birika kwa birika, zote zimepandishwa na Rubani. Siku mbili baadaye Msimamizi wa jengo, mtu mwenye tai hata wakati wa joto, akabandika taarifa ndani ya lifti, juu kidogo ya kofia ya Rubani. Taarifa ilianza kwa kuwashukuru wapangaji kwa ushirikiano wao. Ikaendelea na dira ya jengo, usasa, ufanisi, na mazingira rafiki kwa mteja. Ilikuwa na aya nene kama matofali. Mafundi wakaja, wakatia mota ya kufungulia mlango, wakapachika safu ya vitufe vya namba kwenye ukuta wa lifti na kuvifunika kwa karatasi ya nailoni. Rubani aliisoma taarifa ile kila siku, akapanda nayo na kushuka nayo, na akaipenda hasa pale iliposema "mazingira rafiki."

Mwalimu ndiye aliyeisoma hadi chini. Lifti ilipofika ghorofa ya tano hakushuka. "Baba, umeielewa hii?"

"Sana. Lifti inatengenezwa."

"Nifupishie."

Rubani akaanza na shukrani kwa wapangaji. Mwalimu akamkatisha. "Anza mwisho. Mstari wa chini kabisa unasemaje?"

Rubani akainua macho, akasoma. Akasoma tena. Mstari wa chini kabisa ulisema kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, huduma ya uendeshaji wa lifti kwa kutumia mtumishi itakuwa imesitishwa.

Alikaa kwenye stuli. Kengele ikalia chini, ikalia tena, naye hakunyoosha mkono. "Mtumishi ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Mbona hawakuandika hivyo?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta. Wakubwa hulipwa kwa kurefusha. Mtu akitaka kumtoa mwenzake kazini kwa sentensi moja, itambidi aitazame sentensi hiyo usoni. Akiifukia chini ya aya za shukrani, analala usingizi mnono. Mdogo, yeye, ndiye anayeambiwa afupishe maneno, watu wana shughuli.

"Sikiliza," Mwalimu akasema. "Kituo kinahitaji mtu wa mapokezi. Nimewaandikia makao makuu nikawaambia ninaye. Wanakukubali, ila masharti yao ni cheti cha daraja la kati. Nimewaomba wakusamehe, wamekataa. Mtahini anakuja siku ya mwisho ya mwezi. Ukifaulu, asubuhi yake unakaa kwenye meza ya mapokezi. Usipofaulu..."

Akaacha hapo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Rubani kuchukizwa na sentensi iliyokatwa nusu.

Nyumbani, mkewe alisikiliza habari ile akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, viatu vya kazini mkononi. Hakulia. Alikuwa na namna yake ya kupokea balaa: alilitafutia dozi.

"Kwa hiyo kinachotakiwa ni wewe kumaliza jambo."

"Kufupisha."

"Utafupisha vipi kitu usichokifikisha mwisho? Mimi mama akiniletea mtoto ananiambia 'alianza kulia,' halafu ananyamaza, nitamdunga sindano ya nini? Kaa hapo. Mjomba wako alinunua mlango wa nini?"

Rubani akakuna kichwa. "Basi ilikuwa hivi. Mjomba alitoka nyumbani asubuhi..."

"Najua alitoka. Ametoka tangu tuoane. Mlango!"

Akaanza kuhadithia, na ikatokea kama ilivyokuwa ikitokea siku zote: aliponyanyuka kwenda kunywa maji, maneno yakakatika. Mkewe akamvuta kwa mkanda akamrudisha kitini. Akaanza tena. Safari hii alifika dukani, akafika pale mjomba anapokiangalia kitanda cha chuma chenye nakshi, akanyamaza. Hakukuwa na kizingiti wala mlango uliofunguka. Alinyamaza kwa sababu hakuwahi kufika mbali zaidi ya hapo, akagundua anapita mahali pageni ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Halafu?" mkewe akauliza, safari hii kwa upole.

"Halafu... mjomba alikuwa anaishi chumba kimoja na wazazi wake. Kati ya mkeka wao na kitanda cha wazee palikuwa na pazia tu. Mkewe alikuwa hacheki. Ndiyo, sasa nakumbuka, mjomba alikuwa akisema hivyo: mwanamke alikuja kwao anacheka, akaacha kucheka. Akamtuma mumewe kitanda. Mjomba alipokiona kile kitanda akajiambia, hiki kitakaa wapi, si nyuma ya pazia lilelile? Akanunua mlango. Akajenga ukuta wa mbao mwenyewe, akautia mlango. Wakalala chini kwenye mkeka, na mlango umefungwa."

"Na mkewe?"

"Alicheka mpaka wazee wakagonga ukuta."

Mkewe alikuwa ameshika kiatu kimoja kifuani kama kitoto. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani mjomba wako ni mwehu."

"Hata mimi."

"Haya. Sasa fupisha."

Rubani akafumba macho. Duka likatoka, kitanda cha nakshi kikatoka, bawaba zikatoka, asubuhi ikatoka. "Mjomba alinunua mlango badala ya kitanda," akasema polepole, "kwa sababu mkewe alikosa faragha, si godoro."

Mkewe akamtupia kiatu kwa furaha. Kikampata gotini.

Kuanzia hapo jengo lilipata taabu. Rubani alifupisha kila kilichoingia ndani ya lifti. Mechi ya Jumapili aliifupisha kati ya chini na ghorofa ya kwanza: "Walicheza vizuri, wakasahau lango liko wapi." Daktari wa meno alipoeleza kwa kirefu kwa nini amechelewa, Rubani akamwitikia: "Yaani ulilala." Mkewe alipomsomea mashtaka yake ya wiki nzima, takataka, taulo kitandani, shemeji kutopigiwa simu, alitafakari akasema, "Kwa muhtasari, mkosaji ni mimi." Mkewe akakiri kwamba hapo hakuacha hata kifungo.

Wakili ndiye aliyeshindikana. Wakili alikuwa mtu mwema, lakini alizungumza kama anayelipwa kwa neno, na kweli alikuwa akilipwa hivyo. Asubuhi moja alikuwa akieleza kesi ya ukuta wa jirani, Rubani akamuuliza, "Wakili, kwa sentensi moja, nani mwenye haki?" Wakili akasema swali hilo ni pana. Lifti ikafika ghorofa ya tatu, Wakili bado anafafanua upana wake. Wakafika ya saba. Wakashuka hadi chini, wakapakia watu, wakapanda upya. Ghorofa ya tatu ilipofika mara ya pili, Wakili akatoka akifuta jasho, akasema, "Rubani, umeniharibia siku. Sidhani kama mwenye haki ni mteja wangu."

Na siku hiyohiyo, abiria wakiwa wamejaa, bibi mmoja mgeni akaitazama taarifa ukutani akauliza, "Hii inasema nini? Maandishi madogo, macho yangu hayafiki."

Watu wote wakatazama viatu vyao.

"Inasema lifti inabaki, mimi naondoka," Rubani akamwambia. "Tumefika ya nne, mama. Angalia kizingiti."

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika, na mtihani wake ulikuwa alasiri. Hakukuwa na wa kumshikia lifti, kwa hiyo Msimamizi akajitolea mwenyewe.

"Bwana, usiupeleke mkono kwa ghafla," Rubani akamwonya. "Una tabia zake."

"Tabia? Ni chuma, Rubani! Juu, chini. Hata mbuzi ataendesha. Nenda kwenye viazi vyako."

Mtahini alikuwa mama wa makamo kutoka makao makuu, nywele fupi za mvi, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mbele yake aliweka kalamu, karatasi na chupa ya chai ya chuma, ndefu na nyembamba. Mwalimu alikaa pembeni kwa sharti la kutofungua mdomo. Kifungu kilikuwa juu ya mji uliokuwa na soko kando ya mto. Rubani akakisoma mara mbili, roho mkononi, akakirudisha mezani.

"*Resuma, por favor*," mtahini akasema.

Akaanza, lakini hofu ilikuwa imemrudisha kwenye stuli yake. Akaanza na mto. Akaeleza miti ya kando ya mto. Akaeleza akina mama wauza samaki na rangi za mabeseni yao. Mwalimu akafumba macho. Mtahini akaandika kitu kifupi.

Hapo ndipo kengele ya lifti ilipolia.

Mtu anaweza kuuambia mwili wake mambo mengi, lakini mwili uliotii kengele miaka yote hauulizi ruhusa. Rubani alinyamaza katikati ya neno, akanyanyuka nusu, mkono wake wa kulia ukakamata kitu kirefu cha chuma kilichokuwa mbele yake na kukivuta kwa nguvu upande wa kushoto, ambao kwenye lifti ndio chini. Kilikuwa ni chupa ya chai ya mtahini.

Wakatazamana, yeye na yule mama, chupa ikiwa imeinamia karatasi.

Kengele ikalia tena, safari hii bila kupumzika, na kutoka kwenye shimo la lifti ikapanda sauti ya Wakili, iliyozoea mahakama: "Rubani! Tumening'inia! Msimamizi amevunja kitu! Rubaniii!"

"*¿Qué pasa?*" mtahini akauliza. Kuna nini?

Rubani akamtazama Mwalimu. Mwalimu akauma midomo. Sharti ni sharti. Chini yao kuna watu wananing'inia. Akitoka sasa, mtihani umekwisha na soko limebaki kando ya mto. Akikaa na kusimulia kama alivyoanza, Wakili atazeekea humo ndani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Rubani hakuwa na nafasi ya kukata wala ya kurefusha.

"Mama," akasema kwa Kihispania, chupa bado mkononi, "watu wamekwama kwenye lifti kwa sababu anayeiendesha alidhani haihitaji mafunzo. Nitawatoa. Lakini kwanza namaliza."

Jicho la mtahini likacheza. "*Termine*," akasema. Maliza.

"Wakubwa wa mji walilihamishia soko mlimani ili kuliokoa na mafuriko. Wanunuzi hawakupanda, soko likafa. Mwishowe wakawauliza wachuuzi wenyewe, na wakalijenga mahali maji hayafiki na miguu inafika." Akaweka chupa mezani, wima. "Na mwandishi anataka tujue kwamba wangeuliza kwanza, wangejenga mara moja. Kwa ruhusa yako, mama."

Akatoka mbio.

Lifti ilikuwa imesimama kati ya ya tatu na ya nne. Rubani akapiga magoti ukumbini mwa ghorofa ya nne, akaingiza mdomo kwenye nyufa za mlango wa chuma. Kwa chini alikiona kichwa cha Msimamizi, tai imegeukia mgongoni.

"Rudisha mkono katikati, bwana. Katikati kabisa. Usiguse chochote. Sasa hesabu pumzi chache."

"Unajua, Rubani, kilichotokea ni kwamba mfumo wenyewe, ukizingatia umri wa mitambo pamoja na..."

"Kwa muhtasari, bwana Msimamizi."

Kichwa kikainama. Halafu sauti ndogo: "Nimekosea."

"Vizuri. Sasa teremsha, taratibu, kama unamlaza mtoto."

Jioni, baada ya mtahini kuondoka, Mwalimu alikuja kwenye lifti akiwa na mkoba begani. Rubani akamfungulia, akafunga, akaushika mkono wa shaba. Wakapita ya nne, ya tatu, ya pili.

"Amesema nini?" akauliza mwishowe, bila kugeuka.

"Amesema mengi. Kuhusu mwanzo wako, amesema miti ile ya kando ya mto hataisahau, wala chupa yake."

"Mwalimu, nakuomba. *Resumen*."

"Kesho, saa mbili, ghorofa ya tano. Uje na shati lenye kola."

Alimteremsha mpaka chini, na alipofungua mlango hakuweza kutamka hata "Tumefika."

Asubuhi iliyofuata Rubani alipanda kwa ngazi. Hakuna aliyemlazimisha, aliona tu haifai aiingie ile lifti kama mgeni siku ya kwanza. Akafika ghorofa ya tano akihema, mkewe akiwa amempigia shati pasi mpaka kola inakata. Akakaa nyuma ya meza ya mapokezi, akaisogeza simu kulia, akairudisha kushoto, akamkaribisha mwanafunzi wa kwanza aliyepita kwa salamu ndefu ya Kihispania.

Lifti ikapanda, mwangwi wake ukisikika kutoka mbali. Ikasimama mbele yake. Mlango ukafunguka wenyewe, Mwalimu akashuka, na wengine wote wakabaki. Walikuwa wamejipanga bega kwa bega, wanatazama mbele kama watu wanaosubiri kupigwa picha: Msimamizi, daktari wa meno, makarani wawili wa ghorofa ya pili, Wakili na faili lake. Vitufe vilikuwa vinang'aa pembeni yao, nailoni imetolewa. Mwalimu ndiye pekee aliyebonyeza kitu tangu chini. Hao wengine walikuwa wameingia, wakasimama, wakangoja.

"Rubani, salama?" Wakili akasema.

"Salama, wakili. Si unashuka ya tatu?"

"Ndiyo. Ya tatu."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Msimamizi alimtazama daktari, daktari akawatazama makarani, makarani wakatazama dari. Mlango ukaanza kujifunga. Na katika upenyo wa mwisho, kabla haujawafunika kabisa, Rubani alimwona Wakili akiigeukia ile stuli tupu pembeni ya mkono wa shaba, akakohoa kidogo, akasema kwa adabu:

"Ya tatu, tafadhali."